Unataka kuwa mwalimu wa sanaa? Njia ipo, hata kutoka Mang'ula

Karibu kila darasa lina mtoto ambaye kurasa za mwisho za daftari lake zimejaa picha: treni ya TAZARA, mbega wa Udzungwa, trekta la kubeba miwa. Mara nyingi huambiwa aache kumaliza wino. Leo tunaeleza jinsi mtoto huyo anavyoweza kuwa mwalimu wa sanaa, na nini mzazi apime kabla ya kuuza mpunga kwa ajili ya ada.

Kwanza, somo lipo. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Kwa upande wa sekondari, sanaa hufanyiwa mtihani wa taifa, ingawa ni shule chache zinazoifundisha. Somo likiwa kwenye ratiba bila mwalimu aliyelisomea, ni rahisi kipindi kugeuka kuwa cha kufagia uwanja.

Pili, kujua kuchora hakutoshi. Mwalimu wa sanaa ni yule anayeweza kueleza kwa nini. Chukua mfano wa ufinyanzi. Bibi mfinyanzi wa kijijini anajua kwamba chungu kibichi hakianikwi kwenye jua kali. Mwalimu anawaeleza watoto sababu: udongo hunywea kadiri maji yanavyotoka, na sehemu ya nje ikikauka haraka kuliko ya ndani, chungu hupasuka. Anaeleza pia kwa nini udongo hukandwa sana: hewa iliyobaki ndani huacha sehemu dhaifu kwenye chungu. Mwalimu mwenye busara humwalika bibi huyo darasani, yeye aoneshe kwa mikono na mwalimu aeleze. Hapo sanaa na sayansi zimekutana, na hakuna kilichonunuliwa. Udongo, mkaa wa kuchorea na ukindu wa kusuka vinapatikana karibu.

Sasa, mtu asomee wapi? Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kinajulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa, muziki na michezo. Ni mbali na Kilombero, hivyo nauli iingie kwenye hesabu mapema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha sanaa kwa ngazi ya shahada. Mwombaji anayetoka kidato cha sita anahitaji ufaulu wa angalau masomo mawili ya msingi, na anaweza kuomba mkopo Bodi ya Mikopo. Ipo pia TaSUBa, Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Hapa tunaomba uwe makini: TaSUBa huandaa wasanii. Ukitaka kuajiriwa shuleni kama mwalimu, utahitaji pia mafunzo ya ualimu. Sifa za kujiunga na vyuo vya ualimu hutangazwa na Wizara ya Elimu na huweza kubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako, usitegemee la kaka yako.

Wapo waliopita njia hii. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisoma sanaa Makerere, akafundisha hapo hapo, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wetu London. Profesa Elias Jengo naye alisoma Makerere, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi. Na yupo Edward Saidi Tingatinga, ambaye hakusomea sanaa chuoni. Alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, akawafundisha vijana wachache waliokaa naye wakitazama. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unaendelea hadi leo kwa sababu alikuwa na wanafunzi.

Mzazi atauliza: je, ajira ipo? Hatuwezi kukuahidi. Nafasi za serikali ni za kushindania, na nafasi za sanaa si nyingi. Lakini mwalimu wa sekondari kwa kawaida husomea masomo mawili ya kufundishia, na wa msingi hufundisha masomo kadhaa. Kwa hiyo sanaa iende pamoja na somo jingine, kama Kiswahili au Historia. Ukikosa nafasi ya moja, unayo ya pili.

Wewe uliye kidato cha pili sasa, usiache masomo mengine ukidhani kipaji kitakubeba, maana chuo kitaanza kwa kutazama cheti chako. Tunza michoro yako mahali pakavu na uandike tarehe. Kisha mfundishe mdogo wako kuchora kitu kimoja hadi aweze. Akishindwa, tafuta namna nyingine ya kumweleza. Kazi ya ualimu ndiyo hiyo.