Istilahi za Vyeti vya Mtandao: Tatizo la "Cheti cha Kujisaini"

Utangulizi

Kazi nyingi za ofisi za umma sasa hufanywa kwa mtandao, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imezipa msingi wa kisheria. Kwa hiyo mtumishi wa umma, awe Dodoma au katika kata ya Vidunda wilayani Kilosa, huweza kukutana na onyo kwamba tovuti anayoifungua imejitilia saini cheti chake yenyewe. Mfasiri mwenye haraka huweza kuandika "cheti ni bandia" au "cheti si sahihi". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri zote mbili zinapotosha, na kupendekeza istilahi zifaazo.

Dhana ya cheti

Cheti cha mtandao ni mfano wa barua ya utambulisho. Mkazi wa Vidunda ashukapo Mikumi au Kilosa kutafuta huduma, aghalabu huchukua barua yenye saini na mhuri wa Afisa Mtendaji. Karani wa wilaya hamjui mkazi huyo, lakini aujua mhuri. Kadhalika kompyuta haiijui tovuti. Humjua mthibitishaji aliyekitia saini cheti chake, kwa kuwa mthibitishaji huyo yumo katika orodha iliyowekwa ndani ya kompyuta. Muundo wa vyeti hivyo, uitwao X.509, ulisanifishwa kimataifa mwaka 1988.

Cheti cha kujisaini ni kama barua ambayo mkazi amejiandikia mwenyewe. Huenda kila neno lililomo ni kweli. Kinachokosekana ni shahidi. Hata cheti cha juu kabisa cha mthibitishaji nacho hujisaini, kwani hakuna aliye juu yake. Hukubaliwa kwa sababu kimo katika orodha. Kwa upande mwingine, mwaka 2011 wavamizi waliingia katika kampuni ya uthibitishaji ya DigiNotar, Uholanzi, wakatoa vyeti vya uongo, kikiwamo kimoja kwa jina la Google. Vyeti hivyo vilikuwa na saini ya mthibitishaji aliyetambuliwa, na hata hivyo vilikuwa bandia. Ni dhahiri basi kwamba kujisaini na kughushi ni dhana mbili mbalimbali.

Lango na makosa yake

Lango la usalama wa wavuti lililo katika wingu, yaani katika kompyuta za mbali zitumiwazo kupitia intaneti, husimama kati ya mtumishi na tovuti. Ili kukagua mawasiliano yaliyofichwa, lango huyafungua, huyachunguza, kisha huyafunga tena kwa cheti kipya kilichotiwa saini na lango lenyewe. Hapo makosa mawili hutokea:

(a) Kompyuta ya mtumishi haina cheti cha juu cha lango. Mafundi wa ofisi hawana budi kukiweka, baada ya kulinganisha alama yake na ile iliyotolewa na wenye lango. Baadhi ya programu zina orodha zao zenyewe, nazo pia sharti ziongezewe cheti hicho.

(b) Tovuti yenyewe ndiyo iliyojisaini, mathalani seva ya ndani ya idara, na lango likaikataa. Yafaa seva hiyo ipatiwe cheti cha mthibitishaji anayetambuliwa. Ama sivyo, cheti hicho kimoja kihakikiwe na kuruhusiwa. Kuzima uhakiki wa vyeti vyote ni kosa, maana hapo hata barua ya mwizi itapita.

Uteuzi wa istilahi

Neno "sahihi" lina maana mbili: alama ya mkono na jambo lisilo na kosa. "Cheti si sahihi" huacha shaka, na "kujisahihisha" ni kurekebisha makosa yako. "Saini binafsi" nayo huweza kuchanganywa na "ufunguo binafsi", ambao ni kitu kingine. Tunapendekeza:

1. Cheti cha kujisaini: cheti kilichotiwa saini kwa ufunguo wa mwenye cheti.
2. Mthibitishaji: chombo kinachotia saini vyeti vya wengine.
3. Cheti mzizi: cheti cha juu cha mthibitishaji. Hatukuchagua "shina", kwa kuwa katika muundo wa chama shina ni ngazi ya chini kabisa.
4. Mlolongo wa vyeti: vyeti vinavyothibitishana hadi kwenye mzizi.
5. Lango la usalama wa wavuti: kituo cha ukaguzi kati ya mtumiaji na tovuti.

Hitimisho

Mtumishi aambiwaye "bandia" juu ya seva ya idara yake, kisha akaona kazi inaendelea vyema, atazoea kulipuuza onyo. Siku cheti cha kughushi kitakapokuja kweli, atabonyeza "endelea" na kutoa neno lake la siri. Onyo na liseme hivi: "Cheti hiki ni cha kujisaini. Hakuna mthibitishaji anayetambuliwa aliyekithibitisha. Usiendelee kabla ya kuwauliza mafundi." Wasomaji wanaombwa kuyapima mapendekezo haya katika kazi zao na kutuletea maoni.