Fahamu: Jinsi Wajerumani walivyonaswa Stalingrad

Kufikia Novemba 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Ujerumani lilikuwa limeteka sehemu kubwa ya Stalingrad, mji wa viwanda ulio kando ya mto Volga. Wasovieti walibakiwa na vipande vya ardhi ukingoni mwa maji. Jenerali Vasily Chuikov aliwaagiza askari wake wamkaribie adui mno, hata umbali wa kurusha bomu la mkono, ili ndege za Ujerumani zishindwe kuwashambulia bila kuua askari wao wenyewe. Watu wakapigana chumba kwa chumba, ngazi kwa ngazi.

Lakini vita havikuamuliwa mjini. Nje kabisa, kaskazini na kusini, Wasovieti walikusanya vikosi kimyakimya mbele ya majeshi ya Romania, yaliyolinda ubavu wa Wajerumani yakiwa na silaha chache za kukabili vifaru. Novemba 19 wakashambulia. Siku nne baadaye vikosi vyao vya kaskazini na kusini vilikutana karibu na mji wa Kalach, na Jeshi la Sita la Ujerumani likawa limezingirwa.

Hitler akalikataza kutoka. Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga, akaahidi kulilisha kwa ndege, ahadi ya mtu asiyejua hesabu: zilihitajika walau tani 300 kwa siku, zikafika kama 100 kwa wastani. Farasi wakachinjwa na kuliwa.

Kamanda wa jeshi hilo, Friedrich Paulus, alijisalimisha Januari 31, 1943, siku moja tu baada ya kupandishwa cheo kuwa Fildi Masho. Kati ya mateka takriban 91,000, waliorudi kwao ni kama 6,000.