Hodi Kwanza, Kiungo Baadaye

Mwenye tovuti ya matangazo ya kazi anaponijia kuomba ushauri, mara nyingi huwa ameshafanya jambo moja kabla hajafika kwangu. Amejiunga na majukwaa na makundi ishirini kwa siku moja, kuanzia JamiiForums hadi Facebook, Telegram na WhatsApp, na kote amebandika kiungo kilekile kwa maneno yaleyale: "Nafasi mpya za kazi, bofya hapa." Baada ya siku tatu nusu ya akaunti zimefungiwa, na waliobofya ni wa kuhesabika. Anachotaka kwangu ni orodha ya majukwaa mengine ishirini.

Kabla ya yote namwondolea dhana moja ya zamani. Wengi bado wanaamini kwamba kila kiungo unachoacha jukwaani kinaipandisha tovuti yako kwenye matokeo ya Google. Zamani kulikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo sababu majukwaa yalijaa takataka. Mwaka 2005 kampuni za injini za utafutaji, Google ikiwa mbele, zilianza kuitambua alama iitwayo nofollow, ambayo jukwaa huitia kwenye viungo vya wachangiaji ili visihesabiwe kama kura. Mwaka 2019 Google ikaongeza nyingine, ugc, mahsusi kwa yanayoandikwa na watumiaji. Mbandikaji haoni kitu, kiungo kinabofyeka kama kawaida, lakini mbele ya Google hakina uzito wa kutegemea. Anayetaka kazi zake zionekane Google aanzie ndani ya tovuti yake: kila tangazo liwe na data iliyopangwa inayotaja cheo, mwajiri, mahali, siku lilipotoka na siku linapofungwa.

Jukwaani, basi, anayebaki ni msomaji mwenyewe. Huyu ndiye ninayependa tumtazame kwa makini, kwa kuwa watangazaji wengi humwona kama namba tu.

Mtafuta kazi wa kwetu anasoma kwenye simu, kwa bando la kupima. Ameshabofya viungo vingi vilivyompeleka kwenye ukurasa wenye matangazo kumi ya biashara na aya moja ya kazi, kisha kitufe cha kumpeleka ukurasa mwingine. Kwa hiyo akiona "bofya hapa" anapita. Mwekee tangazo zima palepale kwenye uzi: kazi gani, mwajiri nani, iko mkoa gani, elimu na uzoefu unaotakiwa, mshahara kama umetajwa, namna ya kuomba, mwisho wa kutuma maombi. Kiungo kikae chini kabisa, kwa anayetaka kuhakikisha. Wateja wangu hulalamika hapa: akishasoma yote jukwaani, tovuti itapata nini? Itapata jina. Aliyesoma matangazo yako matano na kuyakuta yote ni ya kweli, la sita atakuja kulitafuta mwenyewe, na atamtumia nduguye. Mgeni wa namna hiyo nimemwona akirudi kwa miezi. Aliyevutwa kwa kichwa cha habari cha kutia presha haonekani tena.

Majukwaa yenyewe yana wenyeji. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ina sehemu yake ya nafasi za kazi, na watu wake wanajuana kwa majina ya bandia kwa miaka mingi. Akaunti iliyofunguliwa asubuhi na kubandika matangazo manane kabla ya adhuhuri wanaitambua mara moja. Ingia kama mtu anayepiga hodi barazani. Soma kanuni, kisha muulize msimamizi kama matangazo ya tovuti yanaruhusiwa na yakae wapi. Jibu maswali unayoyajua: namna ya kupakia vyeti kwenye Ajira Portal ya serikali ya Tanzania, barua ya maombi iandikwe vipi, usaili wa mchujo huwaje. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya kutaja tovuti yako.

Kuna majukwaa ambako hata hodi haitoshi. Hacker News, jukwaa la watu wa teknolojia linaloendeshwa na Y Combinator ya Marekani, huwa na uzi wa kila mwezi wa waajiri, na maelekezo yake yanasema wazi kwamba anayeandika awe ni mtu wa kampuni inayoajiri. Mawakala na tovuti za ajira hawatakiwi. Nadhani wamefanya sawa, kwa sababu mwombaji pale anazungumza na mtu anayeijua kazi yenyewe. Ukikuta kanuni kama hiyo, iheshimu. Mwambie mwajiri aliyetangaza kwako aende mwenyewe.

Craigslist, tovuti ya matangazo ya Marekani, inafaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1995 Craig Newmark alikuwa akiwatumia rafiki zake wa San Francisco barua pepe za matukio ya mjini. Wapokeaji wakaongezeka, wakaanza wenyewe kutuma matangazo, ya kazi yakiwemo. Watu walitangulia, na matangazo yakafuata mahali walipokwisha kukusanyika.

WhatsApp ina tabia yake. Ujumbe uliopita mikono mingi huwekewa mishale miwili, na tangu Aprili 2020 hausambazwi kwa zaidi ya gumzo moja kwa wakati mmoja. Mtu akiiona mishale hiyo juu ya tangazo la kazi, kitu cha kwanza kinachomjia ni utapeli, na ana haki. Andika ujumbe mpya kwa kila kundi, utaje umeutoa wapi.

Kuhusu utapeli sitanii. Kazi yoyote inayodai hela ya fomu, ya mafunzo au ya "kushika nafasi" isipite mikononi mwako, hata mwenye tangazo akulipe vizuri kiasi gani. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mtafuta kazi, isipokuwa kwa hali chache zinazoidhinishwa na mamlaka. Piga simu kwa mwajiri kupitia namba uliyoitafuta mwenyewe. Namba iliyo kwenye tangazo inaweza kuwa ya tapeli.

Niliwahi kusimamia utangazaji wa tovuti moja changa ya ajira. Tulibandika nafasi za udereva kwenye jukwaa, na siku ya kufungwa ilipofika tuliziondoa kwenye tovuti. Uzi tukausahau. Mchangiaji mmoja akaandika: "Mkuu, hii ilifungwa Ijumaa. Nimeshalipa wakili kugonga mihuri vyeti vyangu." Hakutukana. Mtu asiye na kazi alikuwa ametoa fedha kwa sababu ya uzembe wetu, na uzi ule uliendelea kusomwa wiki nzima baadaye, jina la tovuti likiwa juu yake.

Tangu hapo ninaweka daftari. Safu ya kwanza ni tangazo, ya pili ni kila mahali lilipobandikwa, ya tatu ni siku ya kufungwa. Kila jioni mtu mmoja analipitia. Tangazo likifika mwisho anarudi kwenye uzi wenyewe na kuandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: IMEFUNGWA. Kama mwajiri ametoa majina ya walioitwa kwenye usaili, anaweka na maelekezo ya kuyaona. Kazi hiyo huchukua kama dakika ishirini.