Kuanua Tanga la Jana

Aliyewahi kukaa msibani anaijua siku ya kuanua tanga. Turubai bado limefungwa uani, viti vya kukodi vimepangwa kuielekea meza moja ndogo, na juu ya meza kuna daftari la rambirambi. Kina mama waliolala chini tangu siku ya kwanza wameshakunja mikeka. Mzee wa familia anasimama. Anaeleza marehemu aliugua nini, alipelekwa wapi, nani alimuuguza. Anasoma michango na matumizi mpaka shilingi ya mwisho. Anauliza kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze. Anasema watoto watakaa kwa nani. Anataja tarehe ya arobaini, anawashukuru majirani, kisha watu wanakula, wanaagana, na turubai linashushwa.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo tangu utotoni, na ilinichukua miaka mingi kulisikiliza neno lenyewe. Kuanua ni kinyume cha kuanika. Tunaanika nguo, mpunga, dagaa. Jua likishafanya kazi yake, au wingu likianza kutanda, tunaanua. Aliyeanua hakutupa kitu. Amekitoa juani, amekikunja, amekiingiza ndani mahali pake. Wazee walipotafuta neno la kumaliza maombolezo waliyaacha kusahau na kufuta, wakachukua neno la kazi ya uani, kazi ya kila jioni.

Naamini ndani ya neno hilo kuna jibu la swali linalowatesa wengi: mtu ataishije leo ikiwa jana haijamwachia? Ushauri tunaopeana ni mfupi. Sahau. Achana nayo. Yaliyopita si ndwele. Tunautoa kwa nia njema, na mara nyingi haumsaidii anayepewa. Inafaa tuchunguze polepole ni kwa nini.

Methali iliyokatwa katikati

Methali hiyo ya ndwele ina nusu mbili, na kwenye mazungumzo tumezoea kuitaja nusu ya kwanza tu. Nzima yake ni hii: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ni ugonjwa, na kuganga ni kutibu. Aliyeitunga alifikiri kama mganga. Mtu akianguka mnazini, hakuna mganga awezaye kumrudisha juu ili asianguke. Lakini mguu uliovunjika upo, unauma leo, na usipofungwa banzi utaunga vibaya na kumlemaza kesho. Kuanguka kumepita, mguu bado uko mikononi mwetu. Methali inatuambia tuelekeze tiba pale inapoweza kufika. Anayeishia nusu ya kwanza amemwona majeruhi chini ya mnazi, akamwambia kuanguka kumekwisha, akaenda zake.

Tena kitenzi ni tugange, si ugange. Mgonjwa hakuachiwa ndwele yake peke yake.

Kiswahili kinatuonyesha tofauti hiyo hata kwenye viambishi vya wakati. Tukisema mtu alikasirika, tunasimulia jambo lililotokea likaisha. Tukisema amekasirika, hasira ipo usoni hivi sasa, ingawa kilichomkasirisha kilitokea asubuhi. Ndivyo ilivyo kwa amechoka, amelala, amesimama: tendo limepita, hali imebaki. Msikilize aliyeumizwa zamani anavyosimulia. Miaka kumi baada ya kuachwa, mmoja husema "aliniacha", mwingine husema "ameniacha". Tarehe ni ileile kwenye kalenda, lakini huyu wa pili bado anaishi ndani ya siku ile.

Na kati ya -me- na -li- lugha imetujengea daraja. Nimesha- ni ufupisho wa nimekwisha, na kwisha ni kufika mwisho. Anayesema "nimeshasamehe" anatangaza kazi aliyoianza akaimaliza. Hakuna anayelivuka daraja hilo kwa kuambiwa tu avuke.

Akili inayocheua

Ng'ombe hula haraka, kisha hulala kivulini akacheua: hukirudisha mdomoni alichokwisha kukimeza, akakitafuna upya. Wanasaikolojia waliichukua picha hiyo kulielezea jambo ambalo akili ya binadamu hulifanya na machungu yake. Tofauti ni kwamba ng'ombe hucheua mpaka chakula kikalainika kikawa nguvu mwilini, ilhali akili yaweza kutafuna tonge lilelile kwa miaka bila kulimeza. Maswali yake yanajulikana: Kwa nini mimi? Ningalijua je? Angalisema nini kama ningalimjibu hivi? Ni maswali yasiyo na jibu, na kwa kuwa hayana jibu hayaishi.

Mwaka 1989 mtafiti Susan Nolen-Hoeksema alikuwa Chuo Kikuu cha Stanford, California, akichunguza namna wanafunzi wanavyokabiliana na huzuni. Alikuwa ameshawapima hali zao za moyo na tabia yao ya kucheua mawazo, na siku 14 baadaye, tarehe 17 Oktoba, tetemeko la Loma Prieta lenye ukubwa wa 6.9 likapiga eneo hilo na kuua watu 63. Akiwa na mwenzake Jannay Morrow, aliwapima tena wanafunzi walewale siku 10 baada ya tetemeko, kisha wiki 7 baada yake. Waliokuwa wacheuaji kabla ya ardhi kutikisika walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona baadaye, hata pale watafiti walipozingatia hali waliyokuwa nayo mwanzo. Tetemeko lilidumu kwa sekunde chache, lakini kwa baadhi yao lilirudi kila siku, likiletwa na akili zao wenyewe.

Basi si mtu aache tu kufikiri? Hapa ndipo ushauri wa "sahau" unapokwama. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake, huko Texas, waliwaomba wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na kila akiwajia akilini wagonge kengele. Kengele ziligongwa mara kwa mara. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Sababu si ngumu kuielewa: ili mlinzi amzuie mtu mlangoni, lazima akumbuke sura yake muda wote. Anayejikaza kusahau ameajiri mlinzi wa aina hiyo, na mlinzi halali.

Kuna ugunduzi mwingine unaotia moyo. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux walichapisha utafiti juu ya panya waliofundishwa kuogopa mlio fulani. Panya waliosikilizishwa tena mlio huo na papo hapo wakapewa dawa inayozuia utengenezaji wa protini ubongoni, walipungukiwa na hofu. Waliopewa dawa bila kukumbushwa walibaki na hofu yao. Ilionekana kwamba kumbukumbu ikiitwa hulegea kwa muda, kisha huhifadhiwa upya. Kutoka panya hadi binadamu ni safari ndefu, lakini wazo lenyewe linafaa kutafakariwa: kukumbuka si sawa na kufungua sanduku na kukuta nguo zilivyoachwa. Ni kuitoa nguo, kuishika, na kuikunja tena, na mkunjo waweza kubadilika. Kwa hiyo ni muhimu sana tunayakumbuka yaliyopita mahali gani, mbele ya nani, na kwa kusudi gani. Kucheua peke yako saa nane za usiku ni kuikunja nguo palepale ilipokunjika vibaya.

Benchi la Harare

Mfano bora ninaoujua wa kukunja upya unatoka Zimbabwe. Washona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Tunalielewa bila mkalimani, kwa sababu nasi husema "ana mawazo" au "anakonda kwa mawazo", na kila mtu hujua ni mawazo ya namna gani. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua baada ya familia kukosa nauli ya kumleta hospitalini. Mwaka 2006, katika eneo la Mbare jijini Harare, alianza kazi na bibi 14 wahudumu wa afya wa jamii. Aliwafundisha mazungumzo ya tiba yanayofanyika kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Wanaliita Benchi la Urafiki.

Mwenye mawazo hukaa na bibi kwa vikao sita. Hatua ya kwanza huitwa kuvhura pfungwa, kufungua fikra: anayataja matatizo yake yote, bibi anasikiliza, kisha wanachagua moja wanaloweza kuanza nalo. Katika hatua ya kusimudzira, kuinua, wanatafuta hatua ndogo inayowezekana. Kisha huja kusimbisa, kuimarisha, na mwenye mawazo hurudi kueleza alipofika. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha watu 573 katika kliniki 24. Baada ya miezi 6, takriban watu 14 katika kila 100 waliopitia benchi walikuwa na dalili za sonona. Miongoni mwa waliopata huduma nyingine walikuwa karibu 50.

Ukiangalia vizuri, bibi hawa wanamwanulia mtu tanga. Mzee wetu msibani hufanya mambo manne: husimulia kilichotokea, huhesabu kilichotumika na kinachodaiwa, hugawa majukumu ya kesho, kisha huwaruhusu watu watawanyike. Kwenye benchi mambo ni hayohayo: kusema, kuhesabu, kuchagua, kuondoka. Akili inayocheua hukwama kwenye kusimulia. Haifiki kwenye daftari, haiulizi watoto watakaa kwa nani.

Misiba isiyo na turubai

Mila zetu zilijua pia kwamba huzuni inahitaji muda wenye mpaka. Mjane wa Kiislamu asiye mjamzito hukaa eda miezi 4 na siku 10, kisha hutoka. Mpaka huo humpa ruhusa mbili: ya kulia bila kuharakishwa, na ya kurudi kwenye maisha bila kuonekana amemsaliti marehemu. Ruhusa ya pili ni nzito kuliko tunavyodhani. Wengi hung'ang'ania maumivu kwa kuhofia kwamba wakipona, upendo wao utaonekana ulikuwa mdogo.

Shida ni kwamba misiba mingi ya siku hizi haina turubai. Mtu amepunguzwa kazini baada ya miaka 20. Duka limefungwa, mkopo umebaki. Ndoa imevunjika, mwanamke wa Kiislamu ana eda ya talaka, lakini hakuna daftari la rambirambi wala majirani wanaolala chini naye. Kijana amefeli mtihani ambao ukoo mzima uliuchangia. Hakuna anayekuja kusema pole kwa siku tatu, na kwa sababu tanga halikuwekwa, haliwezi kuanuliwa.

Misiba hiyo nayo inastahili kikao chake, hata kikiwa cha watu wawili. Mwite mtu mmoja unayemheshimu: shangazi, rafiki wa siku nyingi, kiongozi wa dini. Simulia mara moja, mwanzo hadi mwisho, bila kujipendelea. Hesabu kwa uaminifu: nilipoteza nini, nilichangia nini katika kupotea kwake, nani namdai, nani ananidai. Panapohitaji kuomba radhi, omba. Panapohitaji kulipa, panga utalipa lini. Taja jambo moja utakalolifanya wiki hii. Na kama mawazo yamekuondolea usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa, au yanakuambia heri kufa, nenda hospitali; hiyo imeshakuwa ndwele, na ina tiba.

Lazima niseme na jambo la haki, maana methali hii imetumika sana kuwanyamazisha watu. Mume aliyempiga mkewe husema yaliyopita si ndwele. Ndugu aliyeuza shamba la yatima husema hivyohivyo. Kila mara aliyekosea ndiye mwenye haraka ya kuifunga jana. Lakini msibani tanga huanuliwa na wafiwa, na hawaanui kabla ya wadai kuulizwa. Anayeruka hatua ya kuhesabu anaficha nguo mbichi sandukuni, na kila mwenye nyumba anajua zitakavyonuka.

Kinachobaki baada ya kuanua ni leo. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard waliripoti walichokipata kwa watu wazima 2,250 walioulizwa kwa simu, nyakati za kushtukiza, wanafanya nini na wanawaza nini. Kwa asilimia 46.9 ya muda, akili zao hazikuwa kwenye walichokuwa wanakifanya, na kwa jumla walipokuwa hivyo furaha yao ilikuwa ndogo zaidi. Karibu nusu ya maisha tuko mahali pengine. Kurudi ni jambo la mara nyingi kwa siku, na huanzia kwenye kilichopo mkononi: kuni zinazofuka moshi, mtoto anayesoma herufi kwa sauti, chumvi uliyoisahau kwenye mchuzi.

Asubuhi inayofuata siku ya kuanua tanga, uani hubaki mashimo ya nguzo za turubai. Yako palepale, na mwenye nyumba akiyaona moyo humchoma. Lakini uwanja unafagiliwa, kamba inafungwa, na nguo za shule za watoto zinaanikwa juu yake.