Karatasi iliyopasuliwa inaweza kuwa kitabu

Wengi kati yetu tuko na wadogo nyumbani ambao hawajaanza shule. Siku ya kwanza mwalimu akiwapa kreyo, wengine wanaogopa kuandika hata mustari moja. Kitabu cha picha kinaweza kuwasaidia mbele ya siku ile.

Leo Lionni, mchoraji aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1910, alikuwa akisafiri ndani ya treni kutoka New York na wajukuu wake wawili. Watoto wakaanza kusumbua. Akapasua gazeti, akatoa viduara vya rangi, akawaeleza hadithi. Mwaka 1959 hadithi ile ikawa kitabu. Kwa Kifaransa kinaitwa Petit-Bleu et Petit-Jaune. Ndani yake hamna mtu mwenye macho wala miguu. Wa bluu na wa manjano ni marafiki, wanakumbatiana mpaka wanageuka rangi ya majani, na wazazi wao hawawatambui tena. Mtoto mdogo anawahurumia, ijapokuwa ni vipande vya karatasi tu.

Namna ya kusoma ni hii:

1. Tusiharakishe. Mtoto akae karibu, afungue kurasa yeye mwenyewe.

2. Tusimshurutishe kusema majina: «Hii ni nini? Sema duara!» Tuulize: «Wewe unaona nini?» kisha tunyamaze kidogo. Mmoja ataona mwezi, mwingine sufuria, mwingine mpira. Hakuna aliyekosa. Majina duara, mraba na pembe tatu tuyataje sisi katika maongezi, naye atayashika kidogo kidogo.

3. Tugeuze kitabu. Watoto wengi wanajua mraba ukilala sawasawa, lakini ukisimama juu ya pembe yake wanasema si mraba tena. Shurti waone umbo moja kwa namna nyingi.

Na kama kitabu hakuna? Mule ndani ya treni Lionni hakuwa na kitabu cha hadithi ile, alikuwa na gazeti tu. Tupasue karatasi ya zamani, mtoto apange vipande chini na aeleze hadithi yake. Akiweka paa chini na mlango juu, tusimtengenezee. Tumuulize nani anakaa mule.

Likizo iko karibu. Mtakaojaribu, mutuletee hadithi mutakazosikia kwa wadogo wenu, tuziandike katika namba itakayofuata.

Wanafunzi wa pedagojia