Mchikichi Mchanga: Mbolea Ipite kwenye Maji au Ifukiwe?

Tangu Kassim Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, aanzishe kampeni ya kufufua zao la chikichi mkoani Kigoma mwaka 2018, miche ya chikichi aina ya Tenera imepanda kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi vilima vya Kasulu, Kibondo na Kakonko. Swali ninalokutana nalo sana huku juu ni hili: mwenye kisima na mipira ya umwagiliaji wa matone aiyeyushe mbolea kwenye maji, au aendelee kuinyunyiza kwa mkono?

Jibu liko mizizini. Nenda kwenye mche wa mwaka mmoja, uparue udongo kwa vidole chini ya ncha za makuti. Sentimita chache tu chini utaona vizizi vyembamba kama nyuzi. Hivyo ndivyo vinavyokula. Mbolea iliyorundikwa shinani huunguza mche, na vizizi hivyo hubaki na njaa.

Matone yana sifa yake: hulisha kidogo kidogo, na urea hushuka na maji kabla haijapotea hewani. Imwage juu ya udongo wenye unyevu kidogo, jua liwake, kisha uiname unuse. Harufu ile inayochoma pua ni naitrojeni uliyoilipia, inaondoka.

Fosforasi ni habari nyingine kabisa. Katika udongo mwekundu wenye tindikali, chuma na alumini huikamata pale pale ilipodondoka. Kwa hiyo iwekwe shimoni siku ya kupanda, ikichanganywa na samadi. Mbolea ya fosfati ya Minjingu usijaribu kuipitisha kwenye mipira, kwani haiyeyuki majini na itaziba matundu. Shimoni, tindikali yenyewe huifungua taratibu.

Kakonko mvua hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Kuongeza maji ya matone miezi hiyo ni kusukuma naitrojeni chini, mbali na mizizi. Wakati huo mkono unatosha: palilia kisahani kuzunguka mche, pima vizibo kumi vya soda vya urea, karibu gramu 50, nyunyiza kwa duara chini ya ncha za makuti, fukia kwa jembe siku hiyo hiyo. Rudia mara tatu msimu mzima.

Kiangazi, Juni hadi Septemba, mche unahitaji maji kwanza. Ukitaka kuulisha, vizibo vinne vya urea ndani ya dumu la lita 20 vinatosha kwa mwezi. Na makuti ya chini yakigeuka rangi ya chungwa usikimbilie urea. Mara nyingi huo ni upungufu wa magnesi.

Ndugu mkulima, kama fedha yako ya msimu huu inatosha kitu kimoja tu, mipira ya matone isubiri. Nunua mbolea, ngoja udongo ulowe, fukia.