Ni Nani Aliyeivunja Boriti ya Kengele?

Mpenzi msomaji, bila shaka unaikumbuka asubuhi ile ya muhula wa pili, boriti ya kengele yetu ilipokatika na kengele ikaanguka pu! hatua moja tu kutoka miguuni mwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Siku hiyo hiyo kiranja wa kengele alipewa adhabu ya kufyeka nyasi wiki nzima, na isitoshe akaagizwa alete pesa za mbao mpya. Kosa lake? Eti alivuta kamba kwa nguvu za kiburi. Mimi nimefanya hesabu, na leo namtetea mbele yenu nyote.

Boriti ile ilikuwa mbao ya mbili kwa nne, yaani takriban milimita 50 kwa upana na 100 kwa kimo. Upande mmoja ulijengewa ndani ya ukuta wa afisi. Upande wa pili ulichomoza nje mita 1.2 bila nguzo yoyote, na nchani ndipo ilipotundikwa kengele na kamba yake.

Boriti ya namna hii ilimshughulisha hata yule mwanasayansi wa Italia, Galileo Galilei. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1638 mna mchoro wa boriti iliyotoka ukutani, nchani pametundikwa mzigo. Alieleza kwamba boriti hiyo ikikatika, itakatikia pale inapoingia ukutani. Na yetu ilikatikia wapi? Papo hapo!

Sababu si ngumu. Tulifundishwa kwamba momenti ni nguvu mara umbali. Tuseme kamba inavutwa kwa nyutoni 500, karibu sawa na uzito wa mwanafunzi wa kilo 50 akining'inia. (Uzito wa kengele tuuache kando ili hesabu isitutatize.) Nchani kwenyewe umbali ni sufuri, basi hakuna momenti. Ukutani umbali ni mita 1.2, kwa hivyo momenti ni 500 mara 1.2, yaani nyutoni-mita 600. Hapo nyuzi za juu za mbao huvutwa zikitaka kuachana, na za chini hugandamizwa. Huko kuvutwa na kugandamizwa ndani ya mbao ndiko ninakoita mkazo.

Sasa chukua rula yako. Ilaze juu ya dawati, nusu yake itokeze nje, kisha ubonyeze ncha. Inapinda mara moja, sivyo? Haya, isimamishe kwa ukingo wake na ubonyeze tena. Imekataa! Rula ni ile ile na kidole ni kile kile. Kilichobadilika ni upande unaoubonyeza.

Mafundi hupima jambo hili kwa kuzidisha upana kwa kimo, kisha kwa kimo tena, halafu wanagawanya kwa 6. Kwa mtu anayevuta kuelekea chini, boriti yetu inatoa 50 × 100 × 100 ÷ 6, yaani 83,333. Kwa anayevuta kuelekea kando, vipimo hubadilishana nafasi: 100 × 50 × 50 ÷ 6, yaani 41,667. Kumbe kwa kando boriti ina nusu tu ya nguvu zake!

Ukigawanya momenti kwa kipimo hicho unapata mkazo. Kiranja akivuta wima kama timazi, mkazo ni 600,000 ÷ 83,333, yaani nyutoni 7.2 kwa kila milimita mraba.

Lakini, jamani, tukumbuke mtaro. Mwanzoni mwa muhula ule palichimbwa mtaro wa maji ya mvua chini ya kengele. Kiranja wetu hakuwa na pa kusimama, akahamia kando, upande wa jikoni, akawa anavuta kamba kwa mshazari. Tuseme kamba iliachana na timazi kwa digrii 30. Kwa kutumia majedwali ya hesabu, nguvu ile ya nyutoni 500 inagawanyika mara mbili: 433 kuelekea chini na 250 kuelekea kando. Ile ya chini inaleta mkazo wa 6.2. Ile ya kando, ijapokuwa ni nusu tu ya nyutoni 500, inaleta 7.2. Kwenye kona moja ya juu ya mbao, mikazo hii miwili inajumlishana na kuwa 13.4. Karibu maradufu, na kiranja hakuongeza hata chembe ya nguvu!

Je, mshazari wowote ni mbaya? La. Angalisimama mbele, upande wa bendera, akavuta kwa digrii zizo hizo, zile nyutoni 250 zingevuta boriti kwa urefu wake. Hizo ukizigawanya kwa eneo la milimita mraba 5,000 unapata 0.05 tu, na mkazo wote ungekuwa 6.3, chini ya ule wa kuvuta wima.

Nikiri jambo moja. Mbao kavu isiyo na kasoro huweza kustahimili zaidi ya 13.4. Ndiyo maana nilikwenda kukitazama kipande kilichobaki ukutani. Kilikuwa cheusi, kimeoza kwa maji ya mvua yaliyopenya tunduni. Hivyo basi mvua iliidhoofisha boriti, na mtaro ukauongeza mkazo. Kiranja alikuwa wa mwisho tu kuishika kamba.

Waheshimiwa walimu, nina maombi mawili. Kwanza, kiranja arudishiwe pesa zake. Pili, tusiweke mbao nyingine kama ile. Bomba la chuma la duara halina upande dhaifu. Ulivute chini au kando, ni mamoja. Tena liwekewe mhimili wa kulishikilia kutoka chini, na tundu la ukutani lizibwe maji yasiingie.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Safari hii tulinusurika kwa hatua moja tu.